Kilo 10, miligramu 30: usaili wa muuguzi wa wodi ya watoto

Mwombaji ana diploma ya uuguzi na ukunga, leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na miaka mitatu ya kazi katika zahanati moja upande wa Mbagala. Ameitwa kwenye usaili wa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali binafsi ya Dar es Salaam yenye vitanda zaidi ya 100. Nafasi ni mbili, walioitwa ni 11. Karatasi ya maswali aliifanya vizuri kuliko karibu wote. Kazi hakupata, jina lake liliwekwa kwenye orodha ya akiba.

Kisa hiki ni cha mfano, kimeundwa kwa makosa ambayo waombaji wazuri huyafanya. Ndiyo maana kinafaa kuchambuliwa. Mwombaji asiyejua kitu hana la kutufundisha. Huyu alijua karibu kila alichoulizwa, akashindwa kwa sababu alijiandaa kujibu mtihani, wakati wasaili walikuwa wanatafuta mtu wa kumwachia wodi saa tisa usiku.

Usaili ulianza saa mbili asubuhi kwa karatasi ya dakika 45. Vikafuata vituo vitatu vya vitendo vya dakika saba kila kimoja, kisha mahojiano ya dakika 25 mbele ya watu watatu: matroni, mkuu wa wodi ya watoto na afisa rasilimali watu.

Kwenye karatasi kulikuwa na swali la dripu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 1000 kwa saa 24, seti ni ya matone 60 kwa mililita. Weka matone mangapi kwa dakika? Alizidisha 1000 kwa 60, akagawa kwa dakika 1440, akapata 41.67, akaandika 42. Sawasawa. Angepewa seti ya kawaida ya matone 20, jibu lingekuwa 14, na hapo wengi huteleza kwa kuwa hawasomi pakiti ya seti imeandikwa matone mangapi. Aliulizwa pia nyakati tano za kusafisha mikono, akazitaja zote bila kukosea: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Alipata alama zote. Hilo liwekwe akilini, maana nusu saa baadaye mikono hiyohiyo itamwangusha.

Vituo vitatu vilikuwa na mgonjwa mmoja: mtoto wa miezi 18, kilo 10, homa siku ya tatu, kipimo cha malaria chanya. Kwenye kituo cha kwanza mwanasesere yuko kitandani na msimamizi anasema, "Mtoto ameanza degedege sasa hivi. Endelea."

Mwombaji alisema angepima joto, angemvua nguo na kumkanda kwa maji, kisha angemwita daktari. Kupima joto na kumwita daktari vina mahali pake katika kumhudumia mtoto mwenye homa, lakini hakuna hata kimoja kati ya vyote hivyo kinachotangulia. Mpangilio ambao wasaili walikuwa nao kwenye karatasi ya alama ni ule wa huduma ya dharura ya watoto: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kisha kupoteza fahamu na degedege, kisha upungufu wa maji. Kwa vitendo maana yake ni hii. Paza sauti uombe msaada bila kuondoka kando ya kitanda cha mtoto. Tazama saa, kwa sababu daktari atakuuliza degedege limechukua muda gani. Mlaze mtoto ubavu ili matapishi yasiingie kwenye mapafu, isipokuwa kama kuna shaka ya kuumia shingo. Usiweke kitu chochote mdomoni, si kijiko wala kidole. Weka oksijeni. Pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe kwenye mshipa dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, yaani 50 kwa huyu. Degedege likiendelea, diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo: miligramu 5, ambazo kwenye ampuli ya miligramu 10 ndani ya mililita 2 ni mililita 1.

Kwa nini sukari ije mapema hivyo? Kwa sababu malaria kali humaliza sukari ya mtoto mdogo haraka, na degedege la sukari kushuka halikomi kwa dawa ya degedege pekee. Mwombaji alijua. Alipoulizwa baadaye kwenye mahojiano alieleza vizuri kabisa. Kituoni hakuitaja, na msimamizi wa kituo hutia alama kwa anachokiona na anachokisikia tu. Asiyesema "natazama saa" hesabu yake ni ya mtu ambaye hakutazama.

Kituo cha pili ndicho kilichowagawa waombaji zaidi, na hakikuwa na kifaa hata kimoja. Muuguzi wa hospitali aliigiza mama wa mtoto, kajifunga kanga, anatetemeka. "Sista, huyu ana degedege. Msimchome sindano, akichomwa sindano atakufa."

Mtu wa pwani hashangazwi na maneno haya. Imani kwamba degedege ni jambo la shetani au la upepo mbaya, na kwamba sindano humwua mtoto aliye nalo, ni ya zamani na bado ipo, Dar es Salaam ikiwamo. Ilipata nguvu kwa sababu inayoeleweka: watoto wengi waliofikishwa hospitali baada ya kuchelewa walichomwa sindano na wakafariki muda mfupi baadaye, na aliyeonekana mwishoni ni sindano.

Mwombaji alijibu, "Mama, hizo ni imani potofu. Mtoto ana malaria kali, lazima achomwe." Kisha, kwa kuwa msimamizi alikuwa amezungumza naye kwa Kiingereza, akahamia Kiingereza kueleza dawa inavyofanya kazi. Mama akainama kumchukua mtoto. Kituo kiliishia hapo.

Hapa kuna makosa mawili, na la lugha ndilo dogo. Hospitali nyingi binafsi za mjini hufanya mahojiano kwa Kiingereza na kuhudumia kwa Kiswahili. Anayesailiwa lazima ajue anazungumza na nani kila dakika. Kosa kubwa ni kushindana na mama wakati muda unakwenda. Mama akiondoka na mtoto, ujuzi wote wa malaria hauna pa kutua. Njia iliyopata alama kwa mwombaji mwingine ilikuwa fupi mno: "Pole sana mama yangu. Umefanya vizuri kumleta mapema. Kaa hapa umshike mkono, hatumtoi mbele yako. Kwanza tunatoa tone moja la damu tuone sukari. Nyumbani mmempa dawa gani?"

Swali hilo la mwisho halikuulizwa kwa upole tu. Mama aliyekwishakwambia "nilimpa dawa ya miti jana usiku na nusu kidonge cha paracetamol alfajiri" amekupa historia ambayo daktari anaihitaji, na hatakupa kama umeanza kwa kumwita mshirikina. Baada ya hapo unaweza kusema wazi kwamba degedege hili limeletwa na malaria iliyopanda kichwani, kwamba mtoto hawezi kumeza, na kwamba dawa itapitia kwenye mrija huu kwenye mkono. Neno "sindano" si lazima liwe la kwanza, ila usimfiche. Akikuuliza kama ni sindano, mwambie ndiyo.

Kituo cha tatu: meza, kichupa cha artesuneti, dawa ya malaria kali, cha miligramu 60, ampuli ya sodiamu bikaboneti ya asilimia 5, maji ya chumvi, mabomba ya sindano, kisanduku cha sindano zilizotumika, chupa ya kitakasa mikono. "Andaa dozi ya kwanza ya mshipa kwa mtoto huyu."

Mwombaji alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye kichupa. Nyakati tano za kusafisha mikono zilibaki kwenye karatasi ya asubuhi. Kitakasa kilikuwa sentimeta 20 kutoka kwenye kidole chake, na kumbuka huwekwa hapo makusudi. Sekunde 20 hadi 30 za kusugua zingetosha.

Kisha hesabu. Alisema kwa kujiamini: miligramu 2.4 kwa kilo, mara 10, ni miligramu 24. Mchanganyiko ni miligramu 10 kwa mililita, kwa hiyo mililita 2.4. Hesabu haina kosa. Kanuni ndiyo iliyokosewa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, na 2.4 ibaki kwa wenye kilo 20 na kuendelea, kwa sababu watoto wadogo wakipewa 2.4 kiwango cha dawa kinachofika kwenye damu yao huwa kidogo kuliko cha mtu mzima. Dozi sahihi ilikuwa miligramu 30, mililita 3, nusu kamili ya kichupa. Alipunguza dawa kwa moja ya tano kwa mtoto mwenye malaria kali.

2.4 aliitoa wapi? Kwenye madesa. Yale makaratasi ya kudurufu yanayorithishwa chuoni kutoka mwaka hadi mwaka, yenye maandishi ya kalamu pembeni ya watu watatu tofauti. Madesa yanafaa kwa anatomia, kwa kuwa figo haihami. Kwa dozi ni hatari, na anayejiandaa kwa usaili asome mwongozo wa matibabu unaotumika sasa hata kama ni kurasa kumi tu za wodi anayoombea.

Utaratibu wenyewe wa kuchanganya aliufanya vizuri hadi katikati. Mililita 1 ya bikaboneti ndani ya kichupa, tikisa mpaka kiwe angavu. Kikibaki na ukungu, kitupwe. Ongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa njia ya mshipa, jumla mililita 6, kila moja ina miligramu 10. Kwa njia ya msuli huongezwa mililita 2 tu, jumla 3, na kila moja ina miligramu 20, hivyo mtoto yuleyule angepata mililita 1.5. Anayechanganya namba hizi mbili anaweza kutoa dozi mara mbili au nusu yake. Maji ya sindano hayatumiki kuzimulia. Dawa hutolewa polepole, ndani ya dakika 1 hadi 2, mchanganyiko usikae zaidi ya saa moja, na kinachobaki kimwagwe. Dozi ya pili ni baada ya saa 12, ya tatu saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi mtoto aweze kumeza, ndipo amalizie dozi kamili ya dawa mseto ya malaria ya kumeza.

Alipomaliza alirudisha kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili. Zamu ndefu za zahanati zinamfundisha mtu tabia hii, na wasaili wanaijua. Mkuu wa wodi alimwuliza papo hapo: ukijichoma sasa hivi unafanya nini? Alijibu vizuri: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, toa taarifa, upimwe, anza dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 72, kwa siku 28. Jibu zuri juu ya kosa ambalo ametoka kulifanya mbele yao.

Cha kumsikitikia zaidi ni kwamba msimamizi alimwachia mlango wa kurekebisha. Alimwuliza, "Una uhakika na dozi?" Swali hilo kituoni huwa ni zawadi. Jibu lililokuwa linatafutwa halikuwa "ndiyo" wala "hapana", lilikuwa "ningehakiki kwenye mwongozo wa wodi na kumwomba muuguzi mwenzangu ahesabu upya kabla sijatoa." Mwombaji alisema, "Ndiyo, nina uhakika." Wodini, anayekiri kutokuwa na hakika na kwenda kuhakiki hupewa mtoto. Aliye na uhakika wa namba isiyo sahihi hapewi.

Mahojiano yalifuata mkondo huohuo. Aliulizwa kama aliwahi kukosea dawa. "Sijawahi." Miaka mitatu, zahanati yenye foleni hadi nje ya geti, na hajawahi? Hakuna muuguzi kwenye meza ile aliyeamini, na kibaya zaidi, jibu hilo linamwambia matroni kwamba siku ukikosea kwake utaficha. Hatusemi mtu abuni kosa. Kama kweli hukukosea, ulinusurika: ulishika ampuli isiyo yenyewe ukaiona kabla hujaivuta. Eleza kwa mpangilio: ulimwangalia mgonjwa kwanza, ulimwambia nani, uliandika nini kwenye faili, na sasa unafanya nini tofauti. Dakika moja na nusu inatosha. Usimtaje mgonjwa, wala usimlaumu mwenzako wa zamu.

Aliulizwa pia: zamu ya usiku, watoto 18, mwenzako hajatokea. Alisema angefanya kazi kwa bidii. Jibu hilo angeweza kulitoa hata fundi seremala. Wasaili walitaka kusikia kwamba angempigia msimamizi wa zamu kabla hajaanza mzunguko, angekagua oksijeni na trei ya dharura, angewapitia kwanza wenye shida ya kupumua na waliopoteza fahamu, angepanga dawa zenye saa maalum, na angeandika saa aliyotoa taarifa. Mtoto wa miezi 18 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika anapumua haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Hesabu dakika nzima, kwa saa yenye mshale wa sekunde. Simu mfukoni haifai, na baadhi ya hospitali hairuhusiwi kitandani.

Sehemu nyingine iliyopita haraka mno ni taarifa kwa daktari kwa simu. Aliombwa aigize. Alianza na historia ya familia. Mpangilio unaokubalika una mambo manne: hali ya sasa, yaliyotangulia, unavyoiona, unachoomba. Kwa mtoto yule ingekuwa hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nina mtoto wa miezi 18, kilo 10, yuko kwenye degedege dakika ya nne sasa. Ana homa siku ya tatu, kipimo cha malaria ni chanya, jana alipewa dawa ya miti nyumbani. Anapumua mara 56, sukari ni 2.1. Naona ni malaria kali na sukari imeshuka. Nimemlaza ubavu, oksijeni inakwenda, mshipa upo, nimeandaa dekstrozi ya asilimia 10 mililita 50. Naomba idhini niitoe sasa, na naomba uje."

Sekunde 30 hadi 40. Haiji yenyewe, inabidi itamkwe mara ishirini mbele ya kioo au kwa kujirekodi kwenye simu.

Na hapo ndipo maandalizi yake yalipokosea. Alipigiwa simu siku tisa kabla. Siku zote tisa alisoma, kimya, usiku, baada ya zamu. Siku hizo zingetosha kwa mpango wa namna nyingine. Siku ya kwanza ni ya karatasi: tarehe ya leseni, vyeti halisi, nakala zenye mhuri wa wakili, kitambulisho cha taifa. Kwake jina la kati kwenye cheti cha kidato cha nne lilitofautiana na la kitambulisho cha taifa (NIDA), na afisa rasilimali watu alilishika hilo mara moja. Hati ya kiapo ingelimaliza, lakini haipatikani saa moja asubuhi mlangoni. Wadhamini nao wapigiwe, wajue wataulizwa nini.

Siku sita zinazofuata ni za mikono na mdomo. Chukua vichupa vitupu na maji, mwombe mwenzako wa zahanati akae na karatasi ya hatua, wewe fanya huku unasema kila unachofanya. Hesabu kumi za dozi kila siku, kwa kalamu, uzito tofauti, nusu yake ya chini ya kilo 20. Siku moja fanya yote kwa Kiingereza, siku inayofuata kwa Kiswahili cha kumwelewesha mama wa Mbagala, bila neno moja la kitabuni. Siku mbili za mwisho punguza. Pitia njia ya kwenda. Kutoka Mbagala kufika mjini saa moja na nusu asubuhi, kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri si uoga. Foleni ya Barabara ya Kilwa haijui kama una usaili. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kucha fupi, nywele zimefungwa, pete nyumbani.

Swali la mwisho lilikuwa, "Una swali lolote kwetu?" Alisema hana. Angeweza kuuliza zamu ni za saa ngapi, muuguzi mgeni anakaa na mwenyeji kwa wiki ngapi kabla ya kuachiwa usiku peke yake, na nani anahakiki dawa za watoto pamoja naye. Kuhusu malipo, anayeijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 anajua kwamba saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kwamba kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Hana haja ya kuitaja sheria kwa jina mbele ya mwajiri. Anauliza tu posho ya usiku inahesabiwaje, na jinsi wanavyojibu itamwonyesha mengi juu ya mahali anapotaka kuingia.

Orodha ya akiba katika hospitali kama ile si maneno ya kufutia machozi. Wauguzi huhama, hasa wakipata ajira serikalini, na simu huweza kupigwa ghafla, mara nyingine kwa usaili mfupi wa kituo kimoja tu. Akipigiwa, mezani kutakuwa na kichupa, mabomba na chupa ya kitakasa, na uzito wa mtoto utakuwa umebadilishwa.